Bomba Jeusi Halitaki Kole

Jumamosi, 14 Oktoba 2000. Dzaleka

Mimi, Aruna wa Kindu, njo niliyeleta maji ya bomba katika mji wa Kindu. Kabla yangu watu walikunywa mtoni pamoja na viboko. Andika hivyo, kalamu, na usicheke.

Haya, cheka. Ni uongo. Maji yaliletwa na Mbelgiji mmoja mwenye masikio mekundu, na mimi nilikuwa kijana wa kumbebea ngazi. Siku za jua kali nilimbebea na kofia. Shule niliiacha tulipofika kwenye kugawanya, maana kwetu hapakuwa na kitu cha kugawanya. Kazi yangu ya kweli, kule na hapa Malawi, katika kambi ya wakimbizi, ni kuponya mabeseni na bidoni, yaani madumu ya maji: kisu ndani ya makaa, kipande cha plastiki juu ya ufa, unapaka kama siagi, unangoja ipoe. Basi. Nusu ya Dzaleka inaogea katika kazi yangu.

Lakini siandiki kwa sababu ya mabeseni. Naandika kwa sababu nina hasira, na hasira ya mzee isipowekwa mahali inageuka kikohozi.

Jana komite ya maji ilikutana mbele ya kanisa. Shirika la msaada linataka kuteremsha maji toka tanki la juu mpaka kliniki, wanawake wasizae tena huku ndugu zao wakikimbia na ndoo. Vijana wa kazi walikuwa wamekwisha kuchaguliwa, na mwanangu Lukman alikuwemo. Jana Shemasi Ezechiel, mtu wa Fizi, mkubwa wa komite, akasimama akamtoa Lukman, akamweka Cyrille, mtoto wa dada yake. Nikanyanyua mkono. Nikasema Lukman anajua plastiki, nimemfundisha mwenyewe.

Ezechiel akacheka na meno yote. "Mzee Aruna, sisi tunajenga bomba, hatujengi beseni. Ikala chini, Papa Beseni."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakacheka hata wale ambao matako yao yanayajua mabeseni yangu vizuri.

Lukman hakucheka. Leo asubuhi ameondoka: Lilongwe, kisha Tete, kisha Afrika Kusini, kama kuna kufika. Amemwacha Mauwa, mke wake, na tumbo ambalo halifichiki tena chini ya kikwembe. Aliniambia, "Baba, hapa bantu banatucheka tu. Mi sitazaa mtoto wa kuchekwa." Nilimshika mkono, akautoa.

Ezechiel, sikiliza. Sitakupiga, mkono wangu umekwisha. Sitakuroga, waganga wa siku hizi wanataka mbuzi. Nitakungojea. Mzee hana kazi nyingine.

Jumanne, 24 Oktoba

Joto. Kuku wanatembea midomo wazi kama wanakwaya wa Ezechiel.

Ijumaa, 3 Novemba

Leo nimekula asali.

Nilishuka Lilongwe juu ya lori la mkaa kutafuta plastiki mbovu. Nikapita Chilinde, nikapita Kawale, mlango kwa mlango, nikiita bidoni zilizokufa. Wamama wa Kimalawi wananiita agogo, yaani babu, na wananipa vitu ambavyo mbwa amevikataa. Kisha nikaingia Old Town, kwa Mhindi mmoja anayeuza mabomba, kuomba vipande anavyotupa. Na nani alikuwa amesimama pale mbele, na koti la Jumapili katika joto lile? Shemasi. Gari la shirika lilikuwa linamngoja nje.

Kabla sijaendelea, elimu kidogo. Plastiki ni koo, kama watu. Bomba la kijivu, lile gumu lililonyooka, ni ukoo mmoja. Ukitupa kipande chake majini kinazama. Ukikitia moto kinanuna, kinatoa moshi wa kuchoma pua, kinazima. Huyo anaoa kwa kole, ile gundi ya makopo: kole inayeyusha ngozi yake, wawili wanakuwa mwili mmoja. Bomba jeusi, lile linalokuja limejikunja kama nyoka aliyeshiba, ni ukoo mwingine. Linaelea. Linawaka kama mshumaa, linadondoka matone, hata harufu ni ya mshumaa. Ni ndugu wa bidoni. Ukilipaka kole ni kama maji juu ya jani la gimbi. Huyo anaoa kwa moto tu, yeye kwa yeye, au umbane kwa kiungo cha kukaza. Hii ninaijua kwa sababu niliharibu mabeseni mengi ya watu kabla ya kuijua.

Mhindi akamuuliza Ezechiel kwa Kichewa, "Kole ya bomba gani, bambo?"

"Bomba ya maji."

"Yote ni ya maji, bambo. La kijivu au jeusi?"

Ezechiel hapendi kuulizwa mara mbili. "Yote. Kole ni kole."

Mhindi alifungua mdomo kujibu, lakini mteja mwingine akamvuta upande wa pili kwa kelele za misumari. Ezechiel akabaki na kopo dogo mkononi, analigeuza huku na huku kama mtu anayesoma. Neno lilikuwa juu ya ulimi wangu. Neno moja tu. Nikalitafuna.

"Shemasi," nikasema toka nyuma ya ndoo.

Akaruka. "Papa Beseni! We unanifuata mpaka huku?"

"Nafuata riziki yangu. Hiyo kopo ni ndogo, Shemasi. Ile tiyo, ile bomba nyeusi, inakunywa kole sana. Beba ile kubwa."

Akanitazama kama mtu aliyesikia mbwa akisema amina. Kisha akarudisha dogo, akachukua kubwa. Tena akaniambia, "Aksanti, mzee."

Nimerudi nikiimba juu ya magunia matupu. Mpango wangu huu hapa: maungio yataachia kabla ya Noeli, Ezechiel ataona haya mbele ya kanisa zima, komite itakuja kunibembeleza, nitatengeneza, na Mauwa atazaa mwezi wa pili maji yakiwa yanacheka. Hata dhambi sioni iko wapi. Ni kumwacha mtu akae kwenye kiti kibovu alichokichagua mwenyewe.

Alhamisi, 9 Novemba

Leo wametandaza. Nilipeleka bidoni langu, nikalikalia kando ya mtaro, nikaangalia.

Mabomba ya kijivu walifanya vizuri, lazima niseme, ingawa imeniuma. Cyrille ana mkono. Anasugua kwa msasa, anafuta vumbi, anapaka ndani na nje, anasukuma, anazungusha kidogo, anashikilia. Kama angekuwa mwana wangu ningejivuna.

Kisha bomba jeusi, lile linalovuka dambo, yaani bonde la majimaji, kwenda kliniki. Mizunguko ilikuwa miwili. Kwa kila mwisho shirika lilileta kiungo cha kukaza, lakini cha kuunganisha mzunguko na mzunguko katikati ya dambo hakikuwepo. Wakakata kipande cha bomba la kijivu kama soksi, wakapaka kole kama watu wanaopaka nyumba chokaa, wakaingiza ncha nyeusi huku na huku, wakafunga juu kwa mpira wa ndani wa baiskeli na waya.

Cyrille akasugua kole kwa kidole. "Mjomba, haikamati. Inatoka kama makamasi."

"Ongeza," akasema Ezechiel. "Kole iko mingi."

Iko mingi kwa sababu ya nani? Nilikuwa nakula muhogo wa kuchoma, na sijawahi kula muhogo mtamu vile.

Mama Dévote, mkunga wa kliniki, mwanamke wa mabega mapana, akatoka kumwaga maji. "Mzee, unacheka nini peke yako?"

"Nafurahia maendeleo, mama."

"Meno yako haiko ya kufurahia."

Jumapili, 12 Novemba

Wamefungua. Maji yamefika kliniki. Makofi, kwaya, Ezechiel ameombewa kwa mikono juu ya kichwa.

Sawa. Kesho.

Jumatatu, 13 Novemba

Limeshika.

Jumatatu, 20 Novemba

Mvua ya kwanza. Paa linavuja juu ya kitanda changu, mahali penyewe pa kichwa. Bomba limeshika.

Jumanne, 28 Novemba

Ramadhani imeingia. Nimefunga. Nimeomba. Nilichoomba sikiandiki. Limeshika.

Jumamosi, 9 Desemba

Nimejua sababu. Nilikwenda kliniki kujifanya ninaumwa sikio, nikafungua robine, yaani koki ya bomba. Mashine ya kuvuta maji ni chovu, tanki halipati kujaa hata robo, na maji yanafika kliniki kama mkojo wa mzee. Kwa habari ya mkojo wa mzee mimi ni profesa. Maji ya namna hiyo hata ungeunganisha bomba kwa ugali, yaani nsima ya hawa jirani zetu, lingeshika.

Ezechiel alipita akaniona. "Umekuja kunywa maji yetu, Papa Beseni?"

"Nimefunga, Shemasi. Naangalia tu."

Watoto wa kambi yote wananiita hivyo sasa. Wanapanga mstari nyuma yangu wakipiga vichwa vyao kama ngoma: Be-se-ni, Be-se-ni. Jana nilimkamata mmoja sikio nikamuuliza ni nani amemfundisha. Akasema ni Sunday school.

Jumatano, 27 Desemba

Idi. Hakuna habari ya Lukman. Mauwa amepika wali mdogo na mchuzi mkubwa. Saa ya kula, Cyrille akaja na sahani imefunikwa: usipa wa kukaanga, vile vidagaa vya ziwa la hapa, na pilipili. "Mjomba anasema Idi njema."

Nikamwambia Mauwa arudishe.

"Baba," akasema Mauwa, mkono mmoja mgongoni, "mi nakula kwa ajili ya bantu babili. Kasirika peke yako."

Akala. Mimi nikaonja mmoja ili nijue kama una sumu. Kisha wa pili, maana sumu nyingine inachelewa. Ezechiel, hata wema wako unaniudhi.

Jumatano, 17 Januari 2001

Radio inasema Kinshasa wamempiga rais risasi. Wengine wanasema amekufa, wengine wanasema bado. Kambi imekaa kimya kama nyumba ambayo mtu anagonga na hakuna anayetaka kufungua. Ezechiel alisimama karibu na radio ya jirani yangu, mikono nyuma, hakuniita jina lolote.

Dereva mmoja wa Kawale anasema kule Tete alimwona kijana kama Lukman, anabeba saruji. "Kama Lukman" ni nani? Vijana wote wenye njaa wanafanana.

Jumanne, 30 Januari

Mvua haikati. Mahindi ya Wamalawi yametoa ndevu. Udongo wa dambo umekuwa uji.

Leo Ezechiel ametangaza: wiki ijayo shirika linaleta mashine mpya. Tanki litajaa mpaka mdomoni. "Maji kwa kliniki yatatoka kama Mungu amekasirika!" Makofi.

Sikupiga makofi. Nilikuwa natazama tumbo la Mauwa. Mama Dévote amemwambia ni mwanzoni mwa mwezi wa pili.

Mpango wangu mzuri umesimama kichwa chini, miguu juu. Nilitaka liachie Desemba. Sasa litaachia siku ambayo sitaki, na mwenye kujua ni mimi tu.

Nikaenda kwa Ezechiel. Kweli nilikwenda, andika hiyo. Alikuwa na wazee wa kanisa nje ya mlango wake, wanakunywa chai.

"Shemasi, nataka maneno mawili. Pembeni."

"Sema hapa, Papa Beseni. Hatuna siri. Ama unataka tutie mashine mpya ndani ya beseni?"

Mmoja akamwaga chai kwa kicheko. Nikasimama pale, mvua inanidondoka puani.

"Hapana," nikasema. "Nilikuja kukusalimia."

"Basi umesalimia."

Nikaenda zangu. Na mimi mjinga nilitembea mpaka nyumbani karibu nimefurahi, kwa kuwa alikuwa amenipa sababu.

Mauwa akanitazama. "Baba, unatembea kama mtu mwenye kijiwe ndani ya kiatu."

"Sina viatu."

"Njo maana nashangaa."

Jumapili, 4 Februari

Mashine imefika, imefunikwa turubai kama bibi harusi. Nimemwambia Mauwa ajaze bidoni zote. "Lakini bomba iko, Baba." Nimesema jaza. Amejaza, akiniangalia.

Ijumaa, 9 Februari

Naandika ya jana. Nimelala chali na mistari imepinda, lakini andiko langu halikuwa zuri hata kabla.

Asubuhi mashine iliwashwa. Sauti yake ilisikika mpaka kwetu. Uchungu wa Mauwa ukaanza nayo, kama walikuwa wamepatana. Jirani wakampeleka kliniki. Baba mkwe hakai karibu na chumba kama kile, si heshima, basi nikakaa chini ya paa la jikoni ya kliniki, mahali ambapo masikio hayafiki vizuri. Yalifika.

Mchana tanki lilijaa. Nikasikia katikati ya dambo sauti kama mtu anayepasua kitambaa kipya, kisha mti mweupe wa maji ukasimama juu ya mahindi. Watoto wakashangilia. Robine ya kliniki ikakohoa, ikatema hewa, ikanyamaza.

Mama Dévote akatoka mlangoni na damu mpaka kwenye kiwiko. "Maji iko wapi? Mzee! Mtoto iko njiani na mama iko natoka damu. Siwezi kuingiza mikono hii kwa mtu. Nataka maji, si kesho!"

Wanawake wakakimbia kuleta bidoni za nyumbani kwangu. Zilifika, zikaisha. Kisima cha karibu kimeingiwa na tope tangu Jumatatu.

Sikujua bado ninaweza kukimbia. Nilifika mtaroni nikiwa na tope mpaka kiunoni, na niliyoyakuta pale yalikuwa karibu kunichekesha: Ezechiel amepiga magoti ndani ya maji, kopo kubwa la kole chini ya kwapa, anapaka bomba lililolowa. Anapaka na analia.

"Acha, Shemasi. Hiyo haitaki kole."

"We unajuaje?"

"Mwambie Cyrille akafunge robine ya tanki. Na wewe niletee makaa ya jikoni."

Hakubisha. Alikwenda mbio, akarudi na makaa juu ya bati, amelifunika kwa koti lake.

Nilifanya ninavyofanya siku zote. Nilikausha ncha kwa kofia yangu, nikazikutanisha, nikachoma kisu, nikapaka kipande cha bidoni kuzunguka ufa wote. Kikang'aa vizuri. Nikapoza, nikaagiza Cyrille afungue. Kiraka kikaruka kikanipiga kifuani kama kofi la mke. Beseni ni mtu mpole, maji yanakaa tu ndani yake. Maji ya tanki lile yalikuwa yanasukuma. Kumbe Papa Beseni ni Papa Beseni kweli. Nilikuwa nimengojea miezi yote ile nionyeshe ufundi ambao sikuwa nao.

"Funga tena!" nikapiga kelele. Ezechiel alinitazama mdomoni kama mtu ninayemsomea hukumu.

Kiraka hakitoshi, nikawaza. Lazima midomo yenyewe iyeyuke, mzima kwa mzima, ikutane. Nitayeyusha miwili kwa pamoja na nini? Macho yangu yakaanguka juu ya jembe la Ezechiel, lile alilokuja nalo kufukua mtaro. Limeliwa na udongo mpaka limebaki jembamba, bapa, linang'aa kama kioo.

"Litoe mpini."

"Jembe yangu?"

"Toa mpini, Shemasi!"

Tukalilaza kwenye makaa, akapuliza mpaka macho yakawa mekundu. Nikakata ncha mbili upya kwa msumeno, zimenyooka, nikazikwangua. Nikachomoa mfukoni mwake karatasi ya matangazo ya kanisa, nikaibandika juu ya jembe. Ikawa nyeusi: moto umezidi. Tukangoja. Nyingine ikawa rangi ya chai. Njo hiyo. Cyrille alikuwa amerudi na kuacha mtu kwenye robine. Akalishika jembe kwa koleo, akalisimamisha katikati. Mimi nikasukuma ncha yangu upande huu, Ezechiel yake upande ule. Bomba likaanza kutoa mdomo pande zote, kama mtoto anayenuna.

"Vuta!"

Cyrille akachomoa jembe. Tukasukuma.

"Sasa usitikisike," nikamwambia Ezechiel. "Mpaka ipoe. Nyuki akikuuma puani, mwache ale. Ukisogea tumekwisha, bomba halina urefu wa kukatwa tena."

"Ndiyo, Mzee Aruna."

Uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko nilivyowahi kuwa karibu na mwanamume mwingine. Magoti ndani ya tope, bomba katikati yetu, anasukuma, nasukuma. Na nikaona kwamba nimempata. Mikono yake imefungwa.

"Kule Lilongwe, dukani, nilijua," nikasema. "Nilijua kole haitashika hii. Njo maana nilikuambia ubebe ile kubwa."

Mishipa ya shingo yake ikasimama.

"Sukuma sawa na mimi," nikasema. "Usizidishe."

"Ule ndani ni mke wa mwana wako," akasema polepole. "Ya mwana wako mwenyewe."

"Najua ni nani. Mwenyewe yuko wapi? Wewe ulimfukuza."

Nilitaka akatae. Nilikuwa nimemwandalia majibu ya kila uongo.

"Nilimtoa," akasema. "Nilijua ataenda. Kazi ilibaki nafasi moja. Na Cyrille, kwa nyumba ya dada yangu kule Fizi, bote bamekufa, yeye njo alibaki. Ningemtoa mtoto wa mtu yeyote. Nilimtoa wako juu ya hii: we ni mtu wa kuchekesha. Nikasema, huyu hatafanya kitu."

"Sasa umeona."

"Nimeona."

Cyrille alikuwa amesimama na jembe la moto, haangalii mtu. Ningeweza kuachilia mkono mmoja nimpige mjomba wake kofi. Kofi moja tu, nimelidai tangu Oktoba. Sikuachilia. Nilisikia vidole vyangu vinalia.

Mama Dévote akaita toka kliniki, sauti imepasuka. "Fungueni! Fungueni sasa!"

"Cyrille, kimbia wafungue," akasema Ezechiel.

"Hapana!" nikasema. "Bado ya moto."

"Mzee, mtu anakufa!"

"Ni wangu anayekufa! Ikifunguliwa sasa inaachia, na hatakuwa na tone."

Nikaweka shavu juu ya maungio. Joto la mtoto mwenye homa. Ezechiel akaanza kusali kwa sauti ndogo. Mimi nikasali kwangu. Hakuna aliyemwitikia mwenzake amina. Kisha mvua ikaanza, na kwa mara ya kwanza msimu huu nikaishukuru, maana inapoza. Ilitupiga migongoni, ikalipiga bomba. Nikaweka shavu tena. Bado. Kutoka kliniki sikusikia tena kilio cha mtu yeyote, na hiyo njo ilikuwa mbaya kuliko kilio. Nikaweka shavu.

Baridi.

"Cyrille, kimbia. Wafungue polepole."

Bomba lilishtuka mikononi mwetu kama nyoka anayemeza. Mdomo ule mnene uliozunguka maungio ulibaki mkavu, na mvua tu juu yake. Sikulisogeza kwa muda mrefu. Hata Ezechiel hakusogea. Tulikuwa bado tunasukumana kama wajinga wakati Cyrille alipokuja kusema robine inamwaga.

Mtoto alikuwa amekwisha kutoka kabla ya maji, msichana, ana sauti. Damu ya Mauwa ilikata jioni. Mama Dévote alikaa kwenye ngazi, akanawa mikono mpaka mabegani, akanawa tena.

Nilipotaka kusimama mgongo ulikataa. Cyrille na mjomba wake walinibeba mpaka nyumbani, mmoja huku mmoja huku, kama kabati.

Jumamosi, 10 Februari

Mauwa ameketi, amekunywa uji. Nimemwona mtoto toka mlangoni. Ana paji la uso la Lukman, maskini.

Jumatano, 14 Februari

Nimelala. Bomba limeshika.

Jumamosi, 17 Februari

Ezechiel amekuja leo mchana, peke yake. Akakaa juu ya bidoni bila kuambiwa kaa.

"Komite inasema tuna deni kwako, mzee."

"Komite inajua ya dukani?"

"Sijasema."

"Sema ukitaka. Hakuna atakayeamini kwamba Shemasi alifuata shauri la Papa Beseni."

Alitaka kucheka, akajizuia. Akatazama miguu yake. "Cyrille ameacha nafasi. Anasema Lukman akirudi, ni yake. Na mi... Mzee, utanisamehe?"

"Hapana."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepimiwa kilo sawasawa.

"Na we unanisamehe?" nikamuuliza.

"Bado," akasema. "Nikimwona ule mama na mtoto, hasira inapanda upya."

Jibu hilo lilinipendeza kuliko mahubiri yake yote. Tukakaa. Mvua ilikuwa imepumzika. Mtu akipita angetuona wazee wawili wanaochukiana kwa amani. Hatimaye akasimama, akasema nisimrudishe hivi hivi, niombe kitu, hata kidogo.

Nikafikiri. Kulikuwa na mengi makubwa, na hakuna hata moja ambalo ana uwezo nalo.

"Mgongo wangu ulibaki ndani ya tope lako," nikamwambia. "Siwezi kuinama, na Mauwa ni mke wa mwanangu, haifai ashike miguu yangu. Kesho ukitoka kanisani, usivue koti. Njoo na wembe na maji ya moto, upige magoti hapa, unikate kucha za miguu. Kile kidole kikubwa cha kushoto uende polepole, kinauma."